Ganzi ya Usiku: Funzo kwa Mpiga Gitaa Aliyeutaka Udi

Rafiki yangu mmoja, mwalimu wa hisabati hapa Unguja, amenipa ruhusa niyaandike yaliyomkuta. Jina lake naliacha, kwa sababu hataki sifa wala huruma. Anachotaka ni kwamba mwenzake anayepiga ala moja kwa mapenzi tu, na sasa ameanza kuitamani ya pili, asipite njia aliyopita yeye. Nami naandika kwa moyo huohuo. Napiga gitaa, na nyumbani nina fidla ambayo kila nikiipita mkono unaniwasha kuishika. Lililomkuta mwalimu laweza kunikuta mimi pia.

Mwalimu alianza gitaa akiwa kijana wa sekondari. Hakuwahi kula kwa muziki. Mshahara wake unatoka darasani. Ni mwanamuziki wa ridhaa kama tulivyo wengi wetu: harusi za jamaa, jioni za Jumamosi barazani, mara mojamoja kumsaidia rafiki jukwaani. Lakini mkono wake ulikuwa mwepesi na sikio lake kali. Ukimwimbia wimbo asioujua, ukifika ubeti wa pili tayari ameshakufuata, na wa tatu anakupambia.

Mtu wa namna hiyo akikaa Unguja hachelewi kuvutwa na taarabu. Inasimuliwa kwamba Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim nchini Misri akajifunze kupiga ganuni ili aje atumbuize kasri. Mwaka 1905 kikaanzishwa chama cha Ikhwani Safaa, na tangu hapo mji huu haujakosa watu wa kukaa pamoja na udi, fidla, ganuni na dumbaki. Mwalimu alikulia ndani ya sauti hizo. Taksimu za udi, vile vipande ambavyo ala hupigwa peke yake, alizijua kwa sikio kabla hajafikiria kuugusa udi wenyewe. Nataka msomaji alikumbuke jambo hili, kwa maana ndipo hatari ilipojificha.

Aliponunua udi, ulikuwa wa mkono wa pili, umetoka Misri, na umekaa miaka bila kupigwa. Joto na unyevu wa pwani vilikuwa vimeivuta shingo yake kidogo, nyuzi zikawa zimekaa juu kupita kiasi. Kila noti ilitaka kidole kikandamize kwa nguvu. Fundi aliyeuona alimwambia wazi kwamba udi ule urekebishwe kwanza ndipo ujifunziwe. Mwalimu akaona gharama na kusubiri, akasema atazoea. Hiyo ilikuwa dalili ya kwanza, na haikuwa ya mwilini hata kidogo: kifaa kilikuwa kinadai nguvu ambayo hakikupaswa kudai.

Alimpata mzee mmoja wa kumfundisha, mpigaji wa siku nyingi, mtu wa maneno machache. Siku ya kwanza mzee hakumfundisha noti hata moja. Alimwambia auweke udi mapajani, kisha auachie mkono wa kushoto. Mwalimu akauachia, na udi ukateleza. Mgongo wa udi ni wa duara kama nusu ya boga. Haukai wenyewe kama gitaa lenye mgongo bapa. Asiyejua kuuweka hujikuta anaubana kwa mkono wa kulia ili usimponyoke, na mkono unaobana hauwezi kupiga kwa ulaini.

“Udi haukamatwi, mwanangu,” mzee akamwambia. “Udi hupakatwa.”

Kisha akamwonesha risha. Mpiga gitaa amezoea kipande kidogo cha plastiki anachokifinya kati ya gumba na kidole cha shahada. Risha ya udi ni ndefu, nyembamba, inapita ndani ya kiganja, na vidole huilea tu bila kuifinya. Kifundo cha mkono huinama kidogo kuzielekea nyuzi, na uzito wa mkono ndio unaofanya kazi. Mzee alimtaka mwanafunzi wake akae na zoezi hilo moja kwa wiki kadhaa: kupiga nyuzi wazi, juu na chini, polepole, bila kidole chochote cha kushoto kugusa.

Mwalimu alifanya hivyo mbele ya mzee. Nyumbani alifanya jingine.

Tumwelewe, wala tusiharakishe kumlaumu. Mtoto wa miaka tisa anayeanza udi hana haraka, kwa sababu sikio lake na mkono wake vinakua pamoja. Hajui bado taksimu nzuri ikoje, basi kelele zake za leo hazimuumizi. Mtu mzima aliyekwisha kupevuka katika ala nyingine yuko mbali na hapo. Sikio lake limekomaa, kichwa kinajua wimbo unakopita, na vidole vya kushoto vina wepesi wa miaka. Akishika ala mpya, baada ya siku chache tayari anatoa wimbo unaotambulika, na watu wa nyumbani wanamsifu. Lakini misuli midogo ya kiganja, kano za kifundo na bega havijapata kuifanya kazi hiyo hata siku moja. Kwa upande huo yeye ni mchanga kama yule mtoto. Anayejua mengi ndiye anayeweza kuubebesha mkono wake mzigo mkubwa kabla haujawa tayari, na ustadi wake wa zamani unamficha hali hiyo.

Mwalimu alikuwa na kitu kingine cha kumsukuma: harusi ya mpwa wake, na alijiwekea nia kimoyomoyo kwamba siku hiyo atapiga udi mbele ya ukoo. Tarehe ikawa inamkimbiza. Siku za kazi alipiga baada ya Isha hadi usingizi umlemee. Mwisho wa wiki alianza asubuhi. Kwa kuwa risha iliyoachwa huru ilimyumbia na kumpotezea kasi, aliirudisha kwenye mshiko wa gitaa. Akaifinya. Kasi ikaja, naye akafurahi, kwa maana hakujua kasi hiyo inalipwa na nini.

Dalili ya mwili ilianza kwa unyenyekevu sana. Asubuhi, kufuli ya mlango ilimshinda kidogo. Vidole vilikuwa vizito kama vya mtu aliyelala vibaya, na baada ya chai uzito ukaisha. Akasema ni umri. Wiki zikapita, uzito ukawa unadumu hadi saa nne. Akasema ni baridi ya kipupwe. Watu tunajua kuyapa maumivu yetu majina mepesi, hasa tukiona jina zito litatunyima kitu tunachokipenda.

Halafu darasani. Mwalimu ana mwandiko mzuri wa ubaoni, na wanafunzi wake wanaujua. Siku moja msichana wa mstari wa mbele akamuuliza, “Mwalimu, leo umeandika kwa mkono wa kushoto?” Hakuwa ameandika kwa kushoto. Chaki ilikuwa imemponyoka mara mbili kipindi hicho, na herufi zilikuwa zimelala. Alicheka, akafuta ubao, akaendelea. Ananiambia leo kwamba hilo ndilo swali alilotamani sana angelijibu kwa ukweli.

Usiku ikaja ganzi. Iligusa gumba, kidole cha shahada, cha kati na upande mmoja wa kile cha pete. Kidole kidogo hakikuguswa. Aliamka saa nane za usiku mkono umekufa, akaukung'uta hewani kama anayekung'uta maji, na hisia zikarudi zikichoma. Mke wake akamuuliza, “Baba watoto, mbona kila usiku unaukung'uta huo mkono?” Akajibu kwamba ameulalia.

Nasimama hapa makusudi. Ganzi ya vidole hivyo hasa, inayoamsha mtu usiku na kumlazimisha aukung'ute mkono, madaktari wanaifahamu vizuri sana. Kwenye kifundo cha mkono, upande wa kiganja, kuna njia nyembamba iliyozungukwa na mifupa na kufunikwa na ukano mgumu. Humo hupita kano za vidole pamoja na neva inayohudumia vidole hivyo vitatu na nusu. Kano zikivimba kwa kazi nyingi, nafasi inapungua na neva inabanwa. Usiku kifundo hukunjika usingizini na mbano unazidi. Neva iliyobanwa kwa muda mfupi hupona ikipewa nafasi. Iliyobanwa kwa muda mrefu hudhoofisha nyama za chini ya gumba, na hapo kurudi kunakuwa kugumu. Kila mpigaji anapaswa kulijua hili kama anavyojua kukaza nyuzi zake.

Mwalimu hakulijua. Alinunua dawa ya kutuliza maumivu duka la dawa, akawa anaimeza nusu saa kabla ya mazoezi ili aweze kupiga. Katika yote aliyonisimulia, hili ndilo lililonitia hofu. Maumivu yalikuwa mlinzi wa mwisho aliyebaki mlangoni, naye akamlaza. Kwa dawa ile aliweza kupiga saa mbili zaidi kila usiku, na kila usiku aliongeza jeraha asilolihisi.

Mzee aliliona. Somo moja alimshika bega, akalikuta limepanda karibu na sikio, akamwambia, “Umechoka, mwanangu. Nenda kapumzike, urudi mwezi ujao.” Mwalimu alidhani anafukuzwa kwa adabu. Hakurudi tena kwa mzee, na kuanzia hapo akawa hana jicho lolote la pili la kumtazama.

Wako waliotangulia kwenye njia hii, tena wakubwa kuliko sisi. Robert Schumann, aliyezaliwa Zwickau, Ujerumani, mwaka 1810, alikwenda Leipzig kusomea sheria, lakini piano ikamshinda nguvu. Mwaka 1830 alihamia nyumbani kwa mwalimu wake Friedrich Wieck akiwa na nia ya kuwa mpigaji mkubwa. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na aliona amechelewa, kwani binti wa Wieck, Clara, alikuwa mtoto mdogo na tayari akimzidi. Kidole cha kati cha mkono wa kulia kikaanza kudhoofika. Badala ya kukipumzisha, alitumia kifaa cha kukifunga na kukizoeza kwa nguvu. Wataalamu hadi leo wanabishana kama kifaa hicho ndicho kilichokiharibu au kilikuta tayari kimeharibika, ila mwisho wake haubishaniwi. Kufikia mwishoni mwa 1832 ndoto ya piano ilikuwa imekufa. Alijaribu tiba za kila namna, hata kuutumbukiza mkono ndani ya mnyama aliyechinjwa punde angali na joto. Mwaka huohuo alimwandikia mama yake kwamba anafikiria kuirudia selo, ile fidla kubwa aliyoigusa utotoni, kwa sababu mzigo wake mkubwa uko mkono wa kushoto. Ulimwengu ulipata mtunzi, tena mtunzi mkubwa, aliyemwoa Clara mwaka 1840 na kuiandikia selo kazi kubwa mwaka 1850. Lakini mkono haukurudi.

Karibu na zama zetu alikuwako mpiga piano Leon Fleisher wa Marekani. Mwaka 1964, akiwa na umri wa miaka thelathini na sita na jina lake likiwa juu, vidole viwili vya mkono wake wa kulia vilianza kujikunja vyenyewe. Aliposikia udhaifu aliongeza mazoezi, na hali ikazidi. Alipita miongo mitatu akipiga kazi za mkono wa kushoto, akifundisha na kuongoza okestra, kabla ya tiba kumrudishia sehemu ya mkono wa kulia miaka ya 1990. Ugonjwa wake si ule wa mwalimu wetu. Ninachokitazama ni kile kitendo cha kati: mkono unadhoofika, na mwenye mkono anajibu kwa kuongeza kazi. Schumann alifanya hivyo, Fleisher alifanya hivyo, na rafiki yangu hapa Unguja, ambaye hakuwa na onyesho lolote la kumlisha, alifanya hivyo. Basi tusidhani ni ujinga. Mtu aliyepata kila alichonacho kwa mazoezi huamini kwamba mazoezi ndiyo dawa ya kila upungufu.

Harusi ya mpwa ilifika. Mwalimu alikaa na udi wake mbele ya ukoo, akaanza taksimu aliyoiandaa kwa miezi. Alipofika mahali pa mitetemo ya haraka, risha ilimwanguka. Akaiokota. Ikaanguka tena. Mara ya tatu hakuisikia kati ya vidole. Ilibidi aangalie kama anayo. Kijana mmoja wa kibodi akaingia kwa wimbo mwingine ili kumsitiri, na sherehe ikaendelea. Siku iliyofuata mke wake alimpeleka hospitali bila kumuuliza.

Daktari alimpima, akamfunga kibao cha kifundo cha kuvaa usiku, akamkataza ala zote. Mwalimu alipouliza kuhusu gitaa, akaambiwa gitaa pia. Hapo ndipo lilipomwingia. Alidhani kwamba likiharibika lolote atapoteza udi tu, kisha aurudie ule urafiki wake wa zamani na gitaa. Lakini mkono ni uleule mmoja. Alikwenda kutafuta ala ya pili, akarudi akiwa hana hata ya kwanza, na kwa karibu mwaka mzima nyumba iliyozoea muziki ikanyamaza. Sindano ilisaidia kidogo, upasuaji ukajadiliwa, mwisho akapona bila kupasuliwa. Nyama za chini ya gumba hazijajaa kama zamani. Kwenye baridi, kidole cha shahada bado kinachelewa kuamka.

Simsimulii mtu haya ili aogope ala ya pili. Ningekuwa mwongo. Anayejua gitaa akijifunza udi anaanza kusikia sauti zilizo katikati ya zile alizozizoea, kwa sababu shingo ya udi haina vyuma vya kuigawa, na gitaa lake lenyewe linabadilika. Katika vyama vyetu vya taarabu wako wengi walioanza na ngoma wakahamia fidla, au wakatoka fidla wakaenda kwenye ganuni, na muziki wetu umetajirika kwa hilo. Ninachoomba ni tuingie kwenye ala mpya kama wageni wa kweli. Udi au fidla iliyokaa vibaya ipelekwe kwa fundi kabla ya somo la kwanza. Anayekufundisha akikuambia ukae kwenye nyuzi wazi wiki nzima, kaa. Mazoezi ya dakika ishirini, ukapumzika, ukarudi kwa ishirini nyingine, yanajenga mkono kuliko saa tatu za mfululizo usiku mmoja. Na saa unazoziongeza kwenye ala mpya zipunguze kwenye ile ya zamani, maana mkono unazijumlisha zote pamoja hata kama wewe unazihesabu mbalimbali.

Tusijiwekee tarehe ya kuonekana. Sisi wa ridhaa tuna neema moja ambayo mwenye kulipwa hana: hakuna anayetudai. Mwalimu aliitupa neema hiyo kwa hiari yake, akajitengenezea deni ambalo ukoo wake haukumwomba. Mpwa wake angefurahi vilevile kwa gitaa.

Zaidi ya yote, tuwasikilize wanaotuona. Mwanafunzi aliona mwandiko, mke aliona usiku, mzee aliona bega, na fundi aliona nyuzi hata kabla jambo lenyewe halijaanza. Watu wanne walimwambia, kila mmoja kwa lugha yake, na yeye peke yake ndiye hakusikia. Mimi nimewaomba watu wa nyumbani kwangu kwamba siku nitakapoichukua ile fidla, wakiniona nautikisa mkono waniambie, na wasikubali jibu la mkato.

Mwalimu amerudi kwa mzee. Alikwenda akiwa na aibu, akapokewa kwa kahawa. Anapiga nyuzi wazi, robo saa kwa siku, udi ukiwa umerekebishwa na risha ikiwa imelelewa. Kuhusu taksimu, mzee amesema bado.

Nawe msomaji, kama unayasoma haya na vidole vyako vitatu vya kwanza vimekuamsha usiku kwa ganzi wiki hii, usingoje ratiba ipite wala usimeze kidonge ili uendelee. Iweke ala chini leo, na kesho nenda ukapimwe.